Programu Iliyosalimia Watu

Katika miaka yote ya kazi, Judica Mbwambo hakuwahi kusaini mkataba ulioishi muda mrefu kuliko shamba la mahindi. Aliajiriwa kuhesabu vyandarua Babati, mradi ukaisha. Akaajiriwa kuhesabu mbuzi Simanjiro, mradi ukaisha na mbuzi bado wengine hawajahesabiwa. Kila mara alifunga kompyuta yake ndani ya kanga, akapanda basi kurudi kwao Usangi, akakaa jikoni kwa mama yake kusikiliza swali ambalo halikuwa na jibu la heshima: "Sasa hiyo kazi yako ni kazi gani, Judica, inayoisha-isha?"

Kwa hiyo Kenneth alipomwita ofisini, mjini Mbulu, na kumwambia kuna nafasi ya kudumu ya mchambuzi wa takwimu, Judica alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri. Kenneth alikuwa mratibu wa mradi wa maji waliokuwa wakiufanyia kazi, mtu mwenye sauti ya upole na fulana iliyoandikwa jina la mradi mbele na nyuma.

"Nafasi ni yako, dada," alisema. "Ila ripoti ya kata ya Masieda iwe Arusha kabla bodi haijakaa Ijumaa. Isipofika, nafasi itatangazwa. Na ikitangazwa, unajua mwenyewe."

Judica alijua. Ikitangazwa wataomba wenye shahada mbili, na wenye wajomba.

Ripoti yenyewe ilikuwa imekwisha. Wadadisi walikuwa wamepita kaya kwa kaya wakiuliza akina mama wanatumia dakika ngapi kwenda kuchota maji na kurudi, na majibu yote yalikuwa kwenye kompyuta, yamesafishwa, yamepangwa. Kilichobaki ni kipengele kimoja: "Programu ya uchambuzi iliyochaguliwa na jamii, na sababu za kuichagua."

Kipengele hicho kilitokana na mwongozo wa mradi, uliosema kwamba hakuna uamuzi utakaofanywa kwa niaba ya jamii bila jamii yenyewe. Aliyeandika sentensi hiyo bila shaka alifikiria visima. Lakini sentensi haikutaja visima, na Kenneth alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa. Chini ya uratibu wake wanavijiji wa Mbulu walikuwa wamekwisha kupigia kura rangi ya kibao cha barabarani, ukubwa wa karatasi za dodoso, na upande ambao gari la mradi liegeshwe.

"Kenneth," Judica alisema, "programu ya takwimu ni chombo cha mtu wa takwimu. Ni kama fundi seremala, humpigii kura randa yake."

"Ndiyo maana watu wanakaa kwenye viti vibovu," Kenneth alijibu. "Jamii iongoze, dada."

Programu zilikuwa tatu, na Judica alizijua moja moja kama mtu anavyowajua shemeji zake. SPSS aliisomea chuoni. Unabonyeza vitufe na inakuletea majedwali yaliyonyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Stata aliizoea wakati wa mbuzi. Unaiandikia amri fupi nayo inatii bila maneno mengi. R haina mwenyewe, watu wa dunia nzima wameijenga kwa kujitolea na kuigawa bure, na Judica alikuwa ameijifunza peke yake miezi ya kukaa Usangi bila mkataba. R ndiyo aliyoipenda. Lakini kwa kazi ndogo kama hii ya Masieda hakukuwa na cha kuchagua. Maji ya chai yanachemka kwenye sufuria yoyote.

Mkutano mkuu wa kijiji cha Masieda ulikaa Jumatano katika ghala la mahindi, kwa sababu nje kulikuwa na upepo na ukungu ulikuwa haujapanda. Watu walikuja wamejifunga migolole mpaka masikioni. Judica alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha mashine ya kurusha picha kwa jenereta ya Nurdin mwenye duka, akaeleza sifa za programu moja baada ya nyingine, kwa lugha rahisi, akijaribu kutopendelea. Mwenyekiti wa kijiji, Nikolausi, alikaribisha maswali.

"Ikiharibika, fundi wake yuko wapi?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma. "Maana ile pampu ya mradi uliopita, fundi wake tunamsubiri mpaka leo."

Judica alieleza kwamba SPSS na Stata zina kampuni nyuma yake.

"Na hii ya tatu, hii R?"

"Hiyo mafundi wake ni wengi, mzee. Wako kila nchi. Wanajitolea."

Ghala lilinyamaza kwa huruma.

"Kama kamati yetu ya maji," alisema Lameck, mkulima wa vitunguu swaumu ambaye hakuna mkutano uliowahi kwisha bila yeye kusema neno. Watu walicheka mpaka Nikolausi akagonga meza.

Ndipo aliponyanyuka mama mmoja mstari wa mbele, mwembamba, mrefu, mgolole wake umefungwa kwa pini kubwa. Alikuwa Getruda Qamara, mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Mipaka ya mashamba ya Masieda nusu yake ilikuwa imepita mikononi mwake, na waliokuwa wameshindwa mbele yake walimwamkia zaidi kuliko walioshinda.

"Shikamoo, mama," Judica alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo. Hizi zote tatu umeziuliza swali moja?"

"Ndiyo, mama. Nimeziuliza wastani wa dakika za kwenda majini kwa kata nzima."

"Zimesemaje?"

Judica alifurahi kuulizwa. Alionyesha kwenye shuka. SPSS ilisema 54.8173. Stata ilisema 54.8173. R ilisema 54.8173.

Getruda alisogea mpaka kwenye shuka, akafuata tarakimu kwa kidole.

"Mpaka huku mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

Alirudi mahali pake, akaketi, akaweka mgolole sawa. "Mwenyekiti," alisema, "hawa wamefundishwa."

Minong'ono ilipita ghalani, na haikuwa ya kupinga. Judica peke yake hakuelewa, na Nikolausi, kwa adabu, alimweleza. Kwenye baraza la ardhi, mashahidi wa kweli hawasemi sawa. Mmoja atasema mkonge wa mpaka ulikuwa karibu na jiwe, mwingine atasema mbali kidogo na jiwe, na wote wawili watakuwa wamemwona yule mtu akiung'oa. Hao unawaamini. Wakija watatu wote wakisema hatua arobaini na mbili kutoka kwenye mkuyu, basi ujue asubuhi walikunywa chai nyumba moja.

"Lakini hii ni hesabu," Judica alisema. "Si ushahidi. Mbili na mbili ni nne kwa kila mtu."

"Mbili na mbili sijawahi kwenda kuichota," Getruda alijibu bila ukali. "Maji nimekwenda. Mimi na wifi yangu tunatoka pamoja, tunarudi pamoja, na ukituuliza tumetumia muda gani hatutasema sawa. Hawa hawajawahi kubeba hata ndoo ya watoto, na wanajua mpaka huko nyuma ya nukta."

"Na wanalala wapi?" aliuliza Nikolausi.

"Kwenye kompyuta yangu, mwenyekiti."

"Kompyuta moja?"

"Moja."

"Wamelala kitanda kimoja," alisema Lameck, "asubuhi wanasimulia ndoto moja."

Judica aliona Ijumaa ikimsogelea kama basi lisilosimama kituoni. Aliomba mkutano uandike tu kwamba programu imechaguliwa, yoyote, wao wenyewe wamtajie. Nikolausi alitikisa kichwa. Aliwahi kuona mwenyekiti wa kijiji jirani akiitwa polisi kwa muhtasari ulioandika jambo ambalo mkutano haukuamua. Muhtasari, alisema, hauandiki "yoyote".

Uamuzi ulipatikana kabla ya saa saba. Mashahidi watenganishwe. Kila mmoja awekwe kwenye kompyuta yake, katika nyumba yake, chini ya mlinzi, na kesho yake waulizwe swali jipya ambalo hawajalisikia. Wakijibu kama watu, mkutano utachagua. Wakijibu kama kasuku, mradi utafute wengine.

Judica alipanda kwenye kilima chenye mtandao akampigia Kenneth, akiwa na tumaini kwamba hata yeye ana mpaka. Kenneth alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Judica," Kenneth alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa kitu kama ibada, "wameumiliki mchakato. Natuma kompyuta mbili na bodaboda sasa hivi. Piga picha."

Kompyuta zilifika jioni zimefungwa kwa mpira wa kubebea mizigo, zimefunikwa kwa koti la mvua la dereva, ambaye mwenyewe alikuwa ameloa chapachapa. Alhamisi asubuhi Judica alisambaza programu moja moja, akafuta zisizohusika, na mgambo akashuhudia akifuta. SPSS ilipelekwa ofisi ya kijiji. Stata iliwekwa dukani kwa Nurdin, juu ya gunia la sukari. R ikaenda nyumbani kwa katekista.

Nurdin hakuridhika. "Mama Joakimu, mimi nifunge duka kwa sababu ya kompyuta?" alimwambia Getruda, akimwita kwa jina la mwanawe kama walivyofanya wote.

"Usifunge. Uza. Ila usitaje maji."

"Wateja wangu wote wanazungumza maji."

"Basi funga."

Getruda alikuwa na masharti mengine. Mtu asitaje dakika karibu na shahidi. Simu zizimwe. Alimtaka Judica athibitishe mbele ya mlinzi wa kila nyumba kwamba kompyuta haina bando, kwa sababu, alisema, mashahidi wa siku hizi hawahitaji tena kukutana kwenye chai. Judica alithibitisha. Hilo aliliona la maana, kwa kiasi fulani, na wazo kwamba ameanza kuliona la maana lilimtia wasiwasi.

Watu walipokusanyika tena ghalani, Getruda alimweleza aina ya swali linalotakiwa. Mwizi wa mbuzi humuulizi kama aliiba mbuzi. Jibu hilo alilala nalo. Unamuuliza pembe za mbuzi zilikuwa namna gani. Huo ndio upande ambao watu hawaufundishani.

"Sasa wewe ndiye unayewajua," alisema. "Tupe swali la pembe."

Judica alisimama mbele ya shuka jeupe. Wastani usingefaa, wote wangesema sawa tena, mpaka nyuma ya nukta, nao wangefukuzwa kama wahongwa, na kesho ilikuwa Ijumaa. Mediani, yaani dakika za kaya ya katikati, nayo wote wangesema sawa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja. Ukiwa na kaya chache, na ukauliza robo ya juu iko wapi, vitabu vyenyewe havikubaliani namna ya kuipata, na kila programu imefuata kitabu chake. Mhadhiri wake aliwahi kuligusia jambo hilo dakika za mwisho za kipindi, akasema wasihangaike nalo, kwani nje ya mtihani hakuna binadamu atakayewauliza.

Swali lilikuwa halali. Kila jibu lingekuwa sahihi. Tatizo pekee ni kwamba Judica alijua majibu hayatafanana kabla hajauliza, na hilo, akilitazama vizuri, ndilo hasa baraza lilikuwa likijaribu kuzuia. Alilitazama vizuri kwa muda mfupi. Kisha akamwona mama yake jikoni Usangi, akigeuza ndizi kwenye chungu na kufungua kinywa kuuliza.

"Tuchukue kaya kumi za kitongoji cha bondeni," alisema. "Tuzipange, kuanzia inayowahi majini mpaka inayochelewa. Tuulize ni dakika ngapi ambazo kaya tatu katika kila nne haziwezi kuzizidi."

"Kumi haigawanyiki kwa nne," Lameck alisema mara moja.

"Ndiyo."

"Sasa watajibuje?"

"Kila mtu atajua mwenyewe."

Getruda alimtazama kwa namna ambayo Judica alifikiri ni ya kumshuku, lakini ilikuwa ya kumpongeza. "Hilo," alisema, "ni swali la pembe."

Walikwenda nyumba kwa nyumba, Judica na wajumbe wawili wa baraza. Aliingiza dakika za kaya kumi, akauliza swali, shahidi akajibu, na mlinzi wa nyumba hiyo akalishika jibu kichwani, kwani karatasi inaweza kubadilishwa njiani. Mlinzi wa kwa katekista alilirudia jibu kwa midomo njia nzima kama mtoto aliyetumwa chumvi. Ghalani walisimama watatu mbele, kila mmoja akasema.

"R amesema sitini na saba na nusu."

"Stata amesema sabini."

"SPSS amesema sabini na tano."

Kisha pakatokea sauti ile inayotokea shauri gumu linapofika mwisho wake, migolole ikilegezwa, vifua vikishushwa. Hawakufundishwa. Wote wamekwenda bondeni, wote wamerudi, na hakuna aliyesema sawa na mwenzake.

Judica alifikiri kazi imekwisha. Alikuwa amefungua mdomo kuomba kura pale akina mama wa bondeni walipoanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, wa kwanza akiwa mama mnene mwenye ndoo aliyokuja nayo mkutanini kwa sababu alikuwa akipitia.

"Huyu wa sitini na saba na nusu amepita njia gani?"

"Njia ni moja tu," mwenzake alijibu. "Ya kwa mzee Tlatlaa."

"Basi amepita kwa mzee Tlatlaa bila kumwamkia."

Hilo lilinyamazisha ghala kuliko jambo lolote la siku mbili zile. Judica alijaribu kusema kwamba programu haikupita popote, lakini hesabu ilikuwa tayari inafanyika, na inafanyika vizuri. Mzee Tlatlaa hukaa nje ya nyumba yake pembeni kabisa mwa njia. Ukimwamkia anaitikia, anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua upande wenu, na mtoto yule aliyekuwa na kikohozi. Inachukua dakika saba, saba na nusu. Naye mzee mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye gunia karibu na mlango, alithibitisha kwa kutikisa fimbo.

"Sitini na saba na nusu, ongeza saba na nusu," alisema Nikolausi, macho juu. "Sabini na tano."

"SPSS amesalimia," akina mama walisema.

"Na huyu wa sabini?"

"Ameamkia huku anatembea."

Wengi walikiri kwamba wanamjua mtu wa namna hiyo. Binti wa katekista, aliyekuwa akisoma Babati, alitazama chini.

"Lakini mimi namtetea huyu R," Lameck alisema. "Mgonjwa akiwa kwenye machela, nataka niende na huyu asiyesalimia."

"Mgonjwa akiwa kwenye machela kila mtu anakusamehe," Getruda alimjibu. "Huyu alikuwa na ndoo."

Nikolausi aligonga meza na kumgeukia Judica. "Mtaalamu, tusimhukumu shahidi kwa uvumi. Ni kweli R haisalimii?"

"Mwenyekiti, R inatumia kanuni ambayo inachukua idadi ya kaya, inatoa moja, halafu..."

"Inasalimia au haisalimii?"

Judica alifikiria zile jioni za Usangi, yeye na R peke yao, hana mkataba, hana mshahara, na R haijamdai hata senti, wala kumuuliza kazi yake ni kazi gani. Kisha akafikiria bodi.

"Haisalimii," alisema.

Kura ilipigwa kwa kujipanga mstari. Mstari wa SPSS ulitoka mlangoni ukazunguka ghala. Nyuma ya Stata walisimama vijana kadhaa na Nurdin, aliyesema kwamba baada ya kukaa naye asubuhi nzima amemwona ni mtu mtulivu. Nyuma ya R alisimama Lameck. Mtendaji wa kijiji aliandika kwenye muhtasari kwamba mkutano umechagua SPSS kwa sababu ya heshima na mwenendo mwema, na kwamba ndugu Lameck ameomba R ikumbukwe wakati wa dharura.

Ijumaa alfajiri Judica alikuwa kilimani, simu juu ya kichwa, akitazama ripoti ikipanda asilimia kwa asilimia. Ilifika Arusha bodi ikiwa bado inakunywa chai.

Nafasi ilikuwa yake. Barua ilikuja wiki iliyofuata, yenye neno "kudumu" katika mstari wa pili, naye alilisoma kwa simu kwa mama yake, polepole.

"Kwa hiyo hii haiishi?" mama aliuliza.

"Haiishi, mama."

"Na unafanya nini hasa?"

Hapo Judica alikuwa bado hajafika ukurasa wa majukumu. Bodi, ilivyoonekana, haikuwa imepita mbali zaidi ya kipengele cha programu. Ilikuwa imekisoma, ikakirudia, ikaangalia picha za kompyuta juu ya gunia la sukari na mgambo pembeni amekunja uso, na mgeni mmoja kutoka kwa wafadhili alikuwa amefuta machozi. Kitu hicho sasa kiliitwa Mbinu ya Masieda. Jukumu la kwanza la mchambuzi wa kudumu lilikuwa kuieneza katika vijiji vyote vya mradi, Mbulu na Hanang.

Alinunua kitanda, jambo ambalo mtu wa mikataba mifupi halifanyi. Alipanga vyumba viwili mjini Mbulu, karibu na stendi. Alipewa kompyuta tatu, kila moja na begi lake, na maelekezo kwamba zisisafiri kwenye kiti kimoja. Kazi zake binafsi aliendelea kuzifanya kwa R, mlango ukiwa umefungwa.

Vijijini mambo hayakwenda kama alivyotegemea, ingawa hakuna aliyelalamika. Kijiji kimoja upande wa Dongobesh, ambako watu walikuwa wakivuna vitunguu na malori yanasubiri, kiliichagua R kwa kura zote kwa sababu ileile iliyoiangusha Masieda. Kingine kiliikataa SPSS kwa kuwa mwanamke anayetumia dakika sabini na tano ana jambo lake huko njiani. Kila mara Judica aliandika sababu kama zilivyosemwa, na kila mara Arusha waliomba picha zaidi.

Mwezi wa tano alifika Hanang, kijiji kimoja cha kata ya Balangdalalu. Mkutano ulikuwa darasani. Aliamkia wazee, akaeleza mashahidi ni akina nani, akaeleza utaratibu: mmoja abaki hapa, mmoja zahanati, mmoja kwa mwalimu mkuu. Alikuwa ameyasema mara nyingi kiasi kwamba hayakumchekesha tena.

Mzee mmoja wa Kibarabaig, Gidahosh, alimsikiliza akiwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Nani amewatenganisha hawa?" aliuliza.

"Mradi, mzee."

"Wana kesi?"

"Hawana kesi. Ni ili wasisikilizane."

Gidahosh aliwageukia wenzake, wakazungumza kwa lugha yao kwa kitambo. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa mpole, kama mtu anayemrekebisha mgeni aliyeingia na viatu.

"Hapa kwetu mtu hasemi neno nyuma ya mwenzake. Ukiwa na neno, unalisema naye yupo, macho kwa macho, na yeye anakujibu. Ukimficha huku na mwingine kule, unapika ugomvi. Watatu hawa wametofautiana dakika, na kila kijiji mnawatenganisha tena. Wataacha lini kutofautiana? Waleteni hapa wakae pamoja."

Judica alitoka nje akampigia Kenneth.

"Wanataka zikae pamoja," alisema. "Mbinu yote ni kuzitenganisha."

"Jamii iongoze, dada," Kenneth alisema. "Piga picha."

Alirudi darasani. Alisogeza madawati, akaziweka kompyuta tatu zikitazamana, skrini kwa skrini, karibu kama watu waliozunguka moto. Zikitazamana hivyo hakuna aliyeweza kusoma kilichoandikwa kwenye yoyote. Alipenyeza mkono katikati yake, akaingiza dakika za kaya kwa kupapasa, akabonyeza, akabaki ameinama pale, akichungulia.

"Mwanangu," Gidahosh alisema, "sogea kidogo. Hukai katikati ya watu wanaosuluhishwa."

Judica alisogea. Alikwenda nyuma ya darasa, akaketi kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti madogo kuliko yake, akawaacha wazungumze. Mkutano wote ulikaa kimya kuwapa nafasi. Mlimani upepo ulikuwa ukishuka, na feni za kompyuta zilisikika, moja ikianza, nyingine ikipokea. Mzee aliyeketi kando ya Judica alimnong'oneza kwamba shauri kama hili linaweza kuchukua siku nzima, hata mbili. Akamuuliza kama ana haraka.

Hakuwa na haraka. Mkataba wake haukuwa na tarehe ya mwisho.